Bei ya Boksi Tupu

Nenda duka lolote pale sokoni Madibira, nunua katoni nzima ya sabuni, ihamishie kwenye kiroba chako, kisha mwambie muuzaji boksi abaki nalo. "Hapana bosi, ondoka nalo. Mimi nitaliweka wapi?" Ukiliacha kwa nguvu atalisukuma kwa mguu mpaka nje ya baraza. Sasa rudi kesho yake, duka lile lile, muuzaji yule yule, umwombe boksi tupu la kufungia mzigo. Atainama chini ya kaunta, atalitoa lile lile uliloliacha jana, alipige vumbi kidogo ili lionekane limetunzwa, na kusema: "Mia tano." Ukiguna, anaongeza kwamba makubwa ni elfu.

Sijaona bidhaa nyingine ya namna hiyo. Mchele ukipanda umepanda kwa wote, mafuta ya taa yakishuka (tuseme yanashuka) yanashuka kwa wote. Bei ya boksi tupu inategemea nani amewahi kufungua mdomo. Ukianza wewe kulitoa, ni taka. Ukianza wewe kuliomba, ni mali. Mimi nina duka la steshenari, natoa kopi, nauza madaftari, peni na bahasha, kwa hiyo nimesimama pande zote mbili za kaunta, na pande zote mbili nimenyanyasika.

Kwa wasiotufahamu: Madibira iko wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, lakini mambo yetu mengi tunapanda kuyafuata Mafinga, mkoa wa Iringa. Wageni hutuuliza kama sisi ni watu wa Mbeya au wa Iringa, nasi hujibu kulingana na upande ambao mbolea imewahi kufika mwaka huo. Kinachotulisha ni skimu, hekta 3,000 hivi za mpunga zilizojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, zinazonyweshwa na mto Ndembera unaoteremka kutoka Mufindi kabla haujaenda kujimwaga Ihefu.

Na mpunga hausafiri kwa boksi. Mpunga unasafiri kwa gunia, na gunia lina heshima zake. Linashonwa, linapimwa, linaandikwa jina la mwenyewe, watu wanagombana kwa ajili ya lumbesa mpaka viongozi wanatoa matamko. Gunia likimaliza kazi linakung'utwa, linakunjwa, linawekwa juu ya dari lingoje msimu. Boksi linakuja upande mmoja tu. Linashuka kutoka Mafinga, au linaingia kutokea Rujewa, likiwa na biskuti, tambi, betri, mafuta ya nywele, dawa ya magugu, simu za tochi. Likishafunguliwa halina tiketi ya kurudi. Tunayapokea mwaka mzima, hatuyatoi hata siku moja, na bado siku unayolitaka moja, halipo.

Mkosi wangu mimi ni kwamba bidhaa yangu inakuja kwenye boksi bora kuliko yote. Boksi la karatasi za A4 linabeba rimu 5, kila rimu karatasi 500, na lina kifuniko chake chenyewe. Kifuniko hicho ndicho kimeniharibia maisha. Mwalimu analitaka la kuwekea mitihani. Mhazini wa kikoba analitaka la kuwekea daftari na muhuri. Katibu wa kwaya analitaka la sare. Wanaingia dukani wote wakiwa na adabu iliyopitiliza, "Kamwene kaka, habari za tangu asubuhi, watoto hawajambo?", na mimi nikisikia watoto wangu wanaulizwa hali kwa kirefu hivyo najua hakuna peni itakayonunuliwa hapa.

"Kaka, boksi la rimu lipo?"

"Lililopo bado sijalifungua, dada."

"Si ulifungue? Karatasi zitakaa tu kwenye shelfu."

Yaani nifungue mali ya kuuza ili apate chombo cha bure. Nikikataa, habari inafika kwenye kikoba kabla mimi sijafunga duka: yule bwana siku hizi ana roho mbaya, hata boksi!

Isije ikafikiriwa kwamba hatujui kuyatumia. Nimesikia watu wakisema mijini wanajifunza kutumia kitu mara ya pili. Sisi ya pili tuliipita zamani. Mama ntilie analikata la kupepelea jiko, na likichoka kupepea linaingia jikoni lenyewe. Fundi pikipiki analitandika chini ya mgongo. Mlinzi wa usiku analilalia, ingawa rasmi halali. Muuza nyanya analipangia mafungu, mwenye nyumba isiyokuwa na kioo analizibia dirisha, na watoto wanalikatia magurudumu wakatoka na lori lenye tela. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, boksi limepandishwa cheo zaidi, maana ile mifuko mingine inayouzwa badala yake ukiitia kilo mbili za viazi inaachia mikono katikati ya njia.

Vifaranga wa siku moja nao, wanaoletwa kutoka Iringa, husafiri 100 kwa boksi moja. Ndani limegawanywa vyumba vinne, kila chumba vifaranga 25, matundu ya hewa pande zote. Boksi hilo likishafika huku linaishi miaka mingi kuliko kuku wenyewe. Kuku anaugua mdondo anakufa, boksi linahamia kwa jirani.

Penye tatizo ni pale boksi linapobadilisha kazi bila kuoga. Duka la pembejeo likishatoa chupa zake za dawa ya magugu, linabaki boksi gumu, safi kwa macho, na ubavuni lina picha ya fuvu na mifupa miwili. Boksi hilo nimelikuta sokoni asubuhi likiwa na maandazi ya moto. Karatasi hunywa kila kinachomwagika juu yake, na chupa za dawa hazijawahi kuwa na vifuniko vya kuaminika. Nikamwuliza yule mama, kwa upole, maana alikuwa ananidai:

"Dada, hii picha umeiona?"

"Nimeiona. Ndiyo maana nimetandika gazeti."

Sikununua. Walionunua nyuma yangu wako hai mpaka leo, jambo ambalo yeye hulitumia kunisuta kila nikipita.

Halafu kuna boksi la TV, ambalo halitumiki tena wala halitupwi. Mavuno yakiisha, mwezi wa sita na wa saba, fedha ikiwa bado ina joto, TV zinaingia Madibira kwa fujo, na kila moja inaacha boksi ambalo linapandishwa juu ya kabati na lile povu jeupe lake ndani. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa "waranti". Jirani yangu TV yake ilikufa zamani, akaiuza kwa fundi ikawa spea. Boksi lipo juu ya kabati. Wageni wakiliona wanadhani kuna TV mpya chumbani anawaficha.

Lakini hayo yote ningeyavumilia kama si suala la kutuma mzigo. Wenye mabasi ya huku hawataki kiroba kilicholegea. Kondakta anataka boksi, liwe limefungwa kamba, liwe limeandikwa jina la mpokeaji na namba ya simu kwa maka peni, herufi kubwa, ili likifika stendi lisizue ugomvi. Baba mkwe wangu yuko Njombe. Ni mzee wa kanisa, mtu ambaye hata soda huinywa kwa kuomba radhi. Kila baada ya mavuno humpelekea mchele, na mwaka mmoja siku ya kutuma sokoni kote hapakuwa na boksi gumu isipokuwa moja, la Konyagi.

Tusidanganyane, boksi la Konyagi ni boksi. Limetengenezwa libebe chupa, halichezi. Mama watoto akasema tuligeuze, maandishi yaende ndani. Ushauri mzuri, ila ile gundi ya kitako ukiibandua boksi linaachia lote, na basi lilikuwa limeshapiga honi ya mwisho. Nikaandika jina la mzee pale palipokuwa na nafasi, na palipokuwa na nafasi ni pembeni mwa neno lililokuwepo tayari. Mstari mmoja. Mtu akisoma kutoka kushoto kwenda kulia anapata jina la mzee, halafu anapata Konyagi, na namba ya simu chini yake.

Stendi ya Njombe mzee anafahamika. Kuli aliyeshusha mzigo ule hakuwa na ubaya wowote, alitekeleza wajibu wake wa kupaza sauti. Alisoma kilichoandikwa, chote, mara kadhaa, akizunguka nao. Jioni simu ikaingia.

"Mwanangu, mzigo umefika."

"Ahsante baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mchele mzuri sana, mama yako amefurahi." Akanyamaza kidogo. "Mwaka ujao tumia gunia."

Lile boksi halikutupwa, bila shaka. Mama mkwe anahifadhia humo vitabu vya nyimbo.

Hayo ndiyo maisha ya boksi ndani ya Madibira. Swali ambalo linaniumiza kichwa ni kwa nini haliwezi kutoka. Alikuja kijana mmoja wa semina, shati limepigwa pasi, akatukusanya wafanyabiashara, akatuambia taka ni mali. Akatuonyesha picha za maboksi yaliyobanwa yakawa matofali makubwa, yamefungwa waya, yanapakiwa kwenda kiwandani kufanywa maboksi mapya. Tukapiga makofi. Nikauliza: hapa kwetu nani atakuja kuyanunua? Akajibu kwamba tutaunganishwa na wadau. Nina umri wa kutosha kujua kwamba mdau hajawahi kuja na lori.

Kwa sababu jambo zima ni lori. Chukua boksi ulipasue ubavu: utakuta karatasi tatu, mbili za nje zimenyooka, ya katikati imekunjwa mawimbi. Waingereza mwaka 1856 waliweka karatasi ya mawimbi hayo ndani ya kofia zao ndefu. Mwaka 1871 Mmarekani Albert Jones akapewa hataza ya kuiviringishia chupa na vioo vya taa visivunjike. Ugumu wake wote unatokana na umbo la yale mawimbi yanayozitenganisha karatasi mbili za nje, na kati yake ni hewa tupu. Ni ujanja mkubwa, unabeba uzito kwa karatasi kidogo na hewa nyingi, lakini ndiyo hiyo hewa utakayoilipia nauli. Lori likijaa maboksi yasiyobanwa linaonekana limeelemewa, kumbe likipanda mzani halijafikisha hata shehena ya kumlipa dereva. Nguo za mitumba tunazovaa hazikufika huku zikiwa zimetundikwa kwenye henga. Zilibanwa kwa mashine zikawa belo. Boksi nalo lisipokuwa belo haliendi popote, na mashine ya kufunga belo Madibira haipo. Tuna mashine za kukoboa mpunga kila kona.

Kuna mama mmoja wa Kichina, Zhang Yin, ambaye hesabu hii aliifanya mapema. Miaka ya 1990 alikuwa Marekani akinunua karatasi na maboksi chakavu na kuyasafirisha kwenda China yakatengenezwe maboksi mapya. Meli zilikuwa zinafika Marekani zimejaa bidhaa za China na kurudi zikiwa na nafasi tele, kwa hiyo nauli ya kurudia ilikuwa ya kutupa. Boksi linakwenda na viatu ndani, linarudi limebanwa, linakwenda tena na redio. Mwaka 2006 orodha ya matajiri ya Hurun ilimtaja kuwa tajiri namba moja wa China nzima, wanaume kwa wanawake. Kwa maboksi matupu! Nilimsomea mama watoto habari hiyo nikiwa nimekaa kwenye mojawapo ya maboksi yaliyojaa chumbani kwetu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yeye alikuwa na meli," akasema.

Na ni kweli, nilikaa nikafikiri, ni kweli kabisa. Yule mama alikuta vyombo vinarudi vitupu. Madibira ni kinyume. Malori yanakuja matupu na kuondoka yamejaa mpunga, na msimu ule hata kuku humpatii nafasi juu ya turubai. Mpunga ukiisha malori nayo yanaisha. Yanayobaki ni magari ya bidhaa za dukani, yanayoshusha haraka na kukimbilia kwingine, na dereva wake ukimwambia habari ya kurudi na maboksi anauliza kama atayapakia na wewe juu.

Tena hata huko kwenye meli mambo hayakudumu. Kuanzia 2018 China ilianza kufunga mlango wa karatasi chakavu za nje, na mwaka 2021 ikafunga taka zote. Miji ya Marekani na Ulaya iliyokuwa ikijisifu kwa kutenganisha taka ikabaki na milima ya karatasi, bei ikaanguka, pengine wakawa wanalipa ili ziondolewe. Si vizuri kufurahia shida ya mwenzako. Nilifurahi kidogo.

Kinachouma zaidi ni kwamba kiwanda cha karatasi tunacho huku huku Nyanda za Juu. Kiko Mgololo, Mufindi. Serikali ilikijenga kikaanza kazi miaka ya 1980 kikiitwa Southern Paper Mills, kikabinafsishwa mwaka 2004, sasa kinaitwa Mufindi Paper Mills, na kazi yake kubwa ni karatasi ngumu ya kahawia, ile ile ya kutengenezea maboksi. Miti yake ni ya huko huko Mufindi, penye Sao Hill, shamba la miti la serikali kubwa kuliko yote nchini. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba boksi lililoko chini ya kaunta yangu lilianza likiwa mpaini kule juu, likapelekwa Dar es Salaam likabebeshwa sabuni, likarudi likapita Mafinga usiku bila hata kusalimia ndugu zake, likateremka Madibira kuja kufia jikoni kwa mama ntilie. Wataalamu wanasema nyuzi za karatasi zinaweza kurudi kiwandani mara tano mpaka saba kabla hazijawa fupi mno. Za kwetu zinarudi mara sifuri.

Wenye bahati ni waliokaa palipo na wingi. Nenda Kariakoo jioni maduka yakifunga: vijana wenye maguta wanagombea maboksi yakiwa bado yana joto la mikono ya mpakuaji. Nairobi nako wapo wanaoendesha familia kwa kuokota karatasi, na kampuni ya Chandaria inazigeuza karatasi chakavu kuwa za chooni. Kule boksi linaokotwa kabla halijagusa ardhi. Huku linagusa ardhi, linanyeshewa, linakanyagwa, linaliwa kona moja na mbuzi, na bado ukiliokota anatokea mtu kusema ni lake.

Nisiseme hajawahi kuja mnunuzi. Alikuja mmoja, wa chuma chakavu, na pikapu na kipaza sauti na mzani wa kuning'iniza. Akatangaza jioni kwamba kesho asubuhi atanunua na maboksi pia, kwa kilo. Kwa kilo! Neno hilo asingelitamka mbele ya watu wa mpunga. Ilikuwa mwezi wa nane, kiangazi kikavu, mbingu haina hata wingu la kusingizia, lakini usiku ule Madibira ilinyesha. Ilinyesha kwa ndoo, kwa majagi, kwa kopo la kuogea, kila nyumba mvua yake. Kulipokucha maboksi yalikuwa yanatoa jasho. Mnunuzi akaliinua la kwanza, likakatikia mikononi mwake kwa uzito wa maji. Akaliacha. Akachukua la mzee mmoja, lililofungwa kamba vizuri, kavu kabisa, akalitundika kwenye mzani, akashangaa, akalifungua, akakuta tofali.

"Mzee, hili ni tofali."

"Najua. Lilikuwa linapeperuka."

Yule bwana alipakia vyuma vyake akaondoka na hajarudi mpaka leo. Sisi ambao kila mwaka tunalia kwamba mizani ya wanunuzi wa mpunga inatuibia tulipata siku moja ya kulipiza kisasi, tukalipizia kwa mtu ambaye hakuhusika.

Kwa hiyo kwa muda mrefu mchakataji wa maboksi pekee mwaminifu hapa kwetu amekuwa mchwa. Gundi inayoshika yale mawimbi hutengenezwa kwa wanga, mara nyingi wa mahindi, basi kwa mchwa boksi ni ugali na mboga kwenye sahani moja. Haji na mzani, haulizi unyevu, hatangazi. Nilikuwa nimepanga maboksi stoo hadi usawa wa mabega, moja ndani ya jingine, nikijua siku moja yatapata mwenyewe. Nilipolishika la chini kabisa nilibaki na mkono uliojaa udongo laini, na safu yote ikanikalia kichwani. Mende walitoka kwa wingi, wakiwa na watoto wao.

Ndipo akatokea kijana mmoja wa hapa hapa, amemaliza chuo cha ufundi, hana kazi, ana beseni. Wazo lake lilikuwa trei za mayai. Unachanachana maboksi, unayaloweka mpaka yalainike, unayatwanga yakawa rojo, unalimwaga kwenye umbo la waya alilolikunja mwenyewe lenye vishimo 30, unakamua maji, unaanika juani. Gundi haihitajiki, wanga ule ule wa ndani ya boksi unasaidia kushika. Jua tunalo la bure, maji ya mfereji yapo, lori la nini? Ndiyo mara ya kwanza nilisikia mpango ambao hauna neno mdau ndani yake.

Wiki ya kwanza alipita duka kwa duka na toroli. "Chukua mwanangu, chukua yote, Mungu akubariki." Mkinga wa duka la jumla alimpa mpaka kamba. Mimi nilimpa yale yenye mende. Mama watoto, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiniambia nichague kati yake na maboksi yaliyoko chumbani, alimsindikiza hadi barabarani akimshukuru.

Kisha trei zikakauka. Zilikuwa za rangi ya vumbi, pembe moja imepinda, lakini yai likikaa limekaa, na wauza mayai wakaanza kuzinunua. Habari ikaenea kwamba kijana anapata hela kutokana na maboksi. Yeyote aliyewahi kuishi kijijini anajua kilichofuata. Toroli lilipopita mara ya pili, Mkinga alikuwa ameyafungia stoo. Mia mbili. Mara ya tatu, mia tatu, na muuza vitenge aliyewahi kuyachoma mwenyewe kila jioni akawa anayahesabu kabla hajafunga duka. Watu walioapa kwamba hawana pa kuyaweka walipata pa kuyaweka.

Alipofika kwangu nilikuwa nimeshaamua kumpa bure, maana mtu mzima lazima aonyeshe mfano. Mama watoto akatokea uani akifuta mikono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Maboksi yapo, ila yana bei."

"Mama, si juzi tu uliniambia nikiyaacha utayachoma?"

"Juzi hukuwa unauza trei."

Kijana akanitazama mimi. Mimi nikatazama mashine ya kopi, ambayo kwa bahati karatasi ilikuwa imekwama. Wakazungumza wenyewe, kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona mtu akizungumzia boksi. Hela kijana hakuwa nayo. Wakakubaliana atalipa kwa trei: anabeba maboksi, akirudi analeta trei zetu, hesabu inaandikwa kwenye daftari langu la dukani ambalo sikuombwa.

Mama watoto hana kuku hata mmoja. Maboksi yametoka chumbani, trei zimeingia, zimeshafika usawa wa dirisha, na juzi usiku ameanza kuulizia bei ya vifaranga kutoka Iringa. Nimemkumbusha kwamba wanakuja kwenye boksi.